Chungu Kimoja kwa Watu Wote
Somo la mapishi kwa nyumba yenye mtu wa kolesteroli



Mwezi huu tumeombwa tuandike juu ya jambo la jikoni. Sisi tuandikao ni mama na binti zake wawili, tunaokaa nyumba moja hapa pwani. Hatukusomea udaktari. Lakini tumepika kwa muda sasa kwa ajili ya mzee wetu, ambaye kipimo chake cha damu kilionyesha kolesteroli nyingi, na katika kazi hiyo tumekosea, tukafundishwa, tukajifunza. Tumeona vema tusikae nayo peke yetu, maana tunajua zipo nyumba nyingine katika mtaa wetu zenye habari kama hiyo.

1. Kolesteroli ni kitu gani?

Kolesteroli, ambayo wengine huiita lehemu, ni kitu kilaini mfano wa nta kilichomo katika damu. Si sumu. Mwili unaihitaji, na sehemu kubwa yake hutengenezwa na ini letu wenyewe. Ubaya huja inapozidi. Hapo hujibandika ndani ya mishipa inayopeleka damu, kidogo kidogo kwa miaka mingi, mpaka njia inakuwa nyembamba. Mshipa ukiziba moyoni, mtu hupata shambulio la moyo. Ukiziba kichwani, hupata kiharusi.

Jambo la kutisha ni kwamba haina dalili. Mtu haumwi kichwa wala tumbo. Analima, anacheka, anakula vizuri, kumbe mishipa inajaa. Hujulikana kwa kupima damu tu. Aghalabu madaktari hupenda jumla yake isizidi 5 kwa kipimo cha milimoli, au 200 kwa kile cha miligramu. Na mtu mwenye kisukari au aliyekwisha kuugua moyo hutakiwa awe chini zaidi.

Tena tusidhani kuwa ni ugonjwa wa wanene. Mzee alipokutwa nayo, daktari alishauri na watoto wapimwe, kwa kuwa nyumba nyingine huirithi. Mmoja wetu, mwembamba kama fito, naye akakutwa nayo.

2. Kosa letu la kwanza

Tuliporudi kutoka hospitali tulikuwa na hofu, na hofu haipiki vizuri. Tukanunua sufuria ndogo. Humo tukampikia mzee kabichi ya kuchemsha, wali mweupe, na kipande cha samaki kisicho na kitu. Sisi wengine tukaendelea na sufuria yetu kubwa: samaki wa nazi, maharage ya nazi, maandazi ya jioni. Yeye tukampa sahani yake, naye akala kwenye kiti chake barazani, kwa sababu hakutaka kukaa mkekani akitazama tulivyokuwa tukila.

Tulijisifu kwamba tunamtunza. Wiki ya tatu akaanza kubakiza chakula, na sisi tukasema ni dawa zinamwondolea hamu. Kisha asubuhi moja, mmoja wetu akielekea sokoni alimkuta kituo cha mabasi, ameketi kwenye benchi la muuza supu, mbele yake bakuli la makongoro na chapati mbili. Mzee hakujificha. Alisogea kidogo kwenye benchi akasema, "Karibu, mwanangu. Nyumbani nakula kama mgonjwa. Hapa nakula na watu."

Maneno hayo tulikuja nayo nyumbani, na siku ile hatukupika mpaka saa nane. Tulielewa kwamba tumemnyima vitu viwili, ladha na ushirika, na kwamba mtu aliyenyimwa vyote viwili atavitafuta popote vilipo. Tukaiweka ile sufuria ndogo kabatini. Tangu siku hiyo twapika chungu kimoja, na kinachomfaa yeye ndicho tunachokula wote. Na kwa kuwa wote twala, hatuna budi kiwe kitamu.

3. Mafuta ya kupunguza na mafuta ya kutumia

Watu wengi hudhani shida ni kula vitu vyenye kolesteroli yenyewe, kama kiini cha yai na maini. Hivyo navyo vina kiasi chake. Lakini kinachopandisha zaidi kolesteroli mbaya ni yale mafuta mazito, yaani yanayoganda yakipoa. Hayo huzuia ini lisiondoe kolesteroli katika damu inavyopasa. Tulieleweshwa kwa kugawa kila mafuta mafungu kumi, na kuuliza mafungu mangapi ni mazito:

Mafuta ya nazi: zaidi ya mafungu 8.
Samli na siagi: mafungu 6 hivi.
Mawese: mafungu 5 hivi.
Mafuta ya karanga: mafungu 2 hivi.
Mafuta ya alizeti: fungu 1 hivi.

Habari ya nazi ilitushtua sana, maana sisi watu wa pwani twamezwa na nazi tangu utoto. Ni kweli nazi haina kolesteroli hata chembe, kwa kuwa hutoka mtini. Lakini mafuta yake mazito hulifanya ini letu liiache nyingi katika damu. Hatusemi nazi itupwe. Twasema isiwe chakula cha kila siku, asubuhi na jioni.

Mafuta ya kupikia yanayouzwa yakiwa yameganda koponi, na vitafunio vilivyokaangwa katika mafuta yaliyotumika mara nyingi, ni vya kuepuka. Sisi twatumia alizeti, ambayo inalimwa kwa wingi Singida na Dodoma, tena haisumbui kupatikana. Lakini hata hayo twayapima. Zamani tulimimina kutoka kidumu kwa macho. Siku tulipopima tuliona twatia karibu kikombe kizima katika mchuzi mmoja. Sasa ni vijiko viwili vya mezani kwa sufuria ya watu sita, na hakuna aliyelalamika.

4. Ladha itatoka wapi?

Hili ndilo swali kubwa, na ndipo wapishi wengi wakatapo tamaa. Tulikuwa tumezoea kuachia mafuta na tui vifanye kazi yote ya ladha. Vikipunguzwa, lazima vingine viingie mahali pake. Bahati njema, pwani hatukosi.

Kwanza, uchachu. Ndimu, ukwaju na embe bichi huamsha ulimi. Mchuzi mwepesi ukitiwa ukwaju huonekana mzito mdomoni.

Pili, harufu. Kitunguu saumu na tangawizi vikitwangwa pamoja, bizari, giligilani, iliki, mdalasini na pilipili manga. Bizari nzima zikaangwe kidogo katika kikaango kikavu kabla ya kusagwa. Kazi hiyo haitaki mafuta.

Tatu, subira. Vitunguu vikatwe vyembamba, vitiwe na vijiko viwili vya mafuta, moto uwe mdogo, sufuria ifunikwe. Vikianza kushika, nyunyiza maji kijiko kimoja, koroga, funika tena. Baada ya dakika 15 vitakuwa rangi ya dhahabu na vitamu. Mpishi mwenye haraka ndiye mwenye mafuta mengi.

Nne, tui kidogo mwishoni. Hii tulifundishwa na bibi mmoja jirani, mpishi wa harusi. Badala ya kukuna nazi nzima na kuchemshia tui tangu mwanzo, kamua kasimile kidogo tu, vijiko vinne vya mezani. Chakula kikishaiva, mimina kasimile hiyo, koroga mara moja, epua. Harufu yote ya nazi hubaki juu, na mlaji huona kana kwamba amepikiwa kwa nazi nzima.

Chumvi isiwe ndiyo mbadala wa mafuta. Mwenye kolesteroli mara nyingi ana shinikizo la damu pia. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika mkate na vidonge vya mchuzi.

5. Mapishi manne tuliyoyajaribu

Kila moja ni kwa watu sita.

(a) Vibua vya ukwaju. Samaki wenye mafuta yao wenyewe, kama vibua na dagaa, ni wema kwa moyo. Chukua vibua kilo moja, safisha, paka ndimu na chumvi kidogo, acha nusu saa. Wachome juu ya mkaa badala ya kuwakaanga. Katika sufuria kaanga vitunguu viwili kwa vijiko viwili vya mafuta kama tulivyoeleza. Tia saumu punje nne na tangawizi, kisha nyanya nne zilizokunwa na kijiko cha chai cha bizari ya manjano. Nyanya zikishaiva, tia kikombe cha maji ya ukwaju na pilipili mbuzi moja nzima isiyopasuka. Ukichemka, laza samaki humo dakika 10. Kula kwa ugali au wali.

(b) Mbaazi za tui kidogo. Loweka vikombe viwili vya mbaazi usiku kucha, mwaga maji yale, chemsha kwa maji mapya mpaka ziwe laini. Ponda kiasi cha upawa mmoja na urudishe sufuriani, ili mchuzi uwe mzito wenyewe. Tia kitunguu, pilipili hoho, bizari na chumvi kidogo. Mwisho kabisa tia vile vijiko vinne vya kasimile. Mbaazi, kunde, choroko na maharage vina ufumwele wa namna inayosaidia kuondoa kolesteroli mwilini. Kwa hiyo ni dawa na chakula pamoja. Asubuhi zile kwa viazi vitamu au mihogo ya kuchemsha mahali pa maandazi.

(c) Mchicha wa karanga. Kaanga kikombe kimoja cha karanga bila mafuta, toa maganda, twanga. Chagua kwanza, na zenye ukungu au zilizosinyaa zitupe, kwa sababu huweza kuwa na sumukuvu. Koroga unga wa karanga kwa maji uwe kama uji. Pika kitunguu na nyanya, tia mafungu matatu ya mchicha uliokatwa, ukinywea tia uji wa karanga. Moto uwe mdogo na mwiko usiache sufuria, maana karanga hushika chini upesi. Dakika 10 zatosha. Hapa mafuta ya kupikia hayahitajiki. Karanga zina yake. Kisamvu kilichotwangwa na kuchemshwa sana hupikwa vivyo hivyo.

(d) Pilau ya kuku ya Jumapili. Mchune kuku ngozi yote kabla ya kupika, maana mafuta yake mengi yako chini ya ngozi. Mchemshe Jumamosi jioni pamoja na tangawizi na saumu. Supu ikipoa kabisa, hasa ikilala katika jokofu, mafuta hupanda juu na kuganda. Yaengue kwa kijiko. (Mara ya kwanza tulijaza nusu kikombe, tukamwonyesha mzee. Alitikisa kichwa akasema, "Hayo ndiyo niliyokuwa nikinywa?") Jumapili kaanga vitunguu vitatu kwa vijiko vitatu vya alizeti mpaka viwe rangi ya kahawia, tia bizari nzima, pilipili manga, iliki na mdalasini, kisha kuku, mchele vikombe vitatu, na ile supu. Weka pembeni kachumbari kubwa ya nyanya, kitunguu, tango na ndimu. Mtu ajaze nusu ya sahani kwa kachumbari na mboga, robo kwa pilau, na robo kwa kuku.

Nyama ya ng'ombe na mbuzi hatukuikataza. Twanunua steki, twatoa mafuta yanayoonekana, na twapika mara moja kwa juma. Makongoro, utumbo na maini tumeviacha viwe vya nadra. Mayai twayala kwa kiasi, ya kuchemsha. Chipsi mayai si chakula cha mzee wetu tena. Matunda yapo kila siku: papai, chungwa, pera, embe kwa msimu wake, na parachichi, ambalo mafuta yake ni ya namna njema.

Na kahawa je? Kahawa yetu ya kuchemsha ndani ya buli, isiyochujwa, ina kitu kinachopandisha kolesteroli kama mtu anywa vikombe vingi kila siku. Mzee amekubali kikombe kimoja kidogo barazani, na chai ya tangawizi kwa vilivyobaki.

6. Sikukuu, wageni na mfungo

Nyumbani twaweza kujitawala. Kazi iko nje. Mgeni akipikiwa, mwenye nyumba huongeza samli kwa heshima. Mzee akienda msibani hupewa kipande chenye mafuta kwa sababu yeye ni mzee. Hapo twaona yafaa kusema mapema na kwa upole, bila kuona haya: "Mzee wetu anakula chakula chote, ila mafuta kidogo." Watu huelewa. Hakuna aliyetukasirikia bado.

Siku ya Krismasi akila kipande cha mbuzi na sambusa moja pamoja na wajukuu, tusimkemee mbele za watu. Kinachojaza mishipa ni mazoea ya siku zote kuliko sahani ya siku moja.

Na Kwaresima tujichunguze. Wengi wetu huacha nyama siku arobaini, kisha twala samaki walioogelea katika mafuta na maharage ya nazi mbili. Hapo tumbo limefunga nini?

7. Chakula hakiondoi dawa

Hapa twaomba wasomaji wasikie sana. Chakula chema husaidia, lakini daktari akitoa vidonge, vimezwe kila siku, hata kama mtu anajiona mzima. Kolesteroli haina dalili, kwa hiyo kujiona mzima si kipimo. Asiache kwa sababu ya ushauri wa jirani au chupa ya mizizi ya sokoni. Vidonge vikimletea maumivu ya misuli, arudi kwa daktari, dawa hubadilishwa. Anayependa balungi aulize kwanza, kwani tunda hilo hugombana na baadhi ya vidonge hivyo. Kadhalika kutembea kwa miguu kila siku walau nusu saa ni jambo jema, na sigara iachwe kabisa.

Mzee wetu alipopimwa tena baada ya miezi sita, kipimo kilikuwa kimeshuka vizuri. Tulimwuliza daktari, je, ni sufuria au ni vidonge? Akajibu, "Ni vyote viwili, msiache hata kimoja." Yule mmoja wetu aliyekutwa nayo, kwake chakula na kutembea vimetosha mpaka sasa, naye hupimwa kila mwaka.

Lakini sisi furaha yetu ilitangulia kipimo. Ilikuwa jioni ile ya kwanza ya vibua vya ukwaju, tulipotandika mkeka na kuweka sinia moja katikati. Mzee alisimama mlangoni akatazama, akauliza sahani yake iko wapi. Tukamwambia haipo, chakula ni hiki cha wote. Akavua viatu, akanawa, akaketi. Alipomaliza aliomba ukoko.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Nyumbani kwetu twatia mafuta vijiko vingapi katika mchuzi mmoja? Tupime juma hili kabla ya kujibu.
2. Ni chakula gani tunachopika kwa nazi kila siku ambacho chaweza kupikwa kwa karanga, ukwaju, au kasimile kidogo mwishoni?
3. Je, yuko mtu nyumbani kwetu alaye peke yake kwa sababu ya ugonjwa? Tufanyeje arudi mkekani?
4. Kwenye chai baada ya ibada na kwenye sherehe za mtaa, twaweza kuongeza nini mezani badala ya maandazi na sambusa peke yake?

Wenye mapishi mengine ya namna hii wayalete kwa mhariri, ili tuyajaribu na kuyachapa katika toleo lijalo.